Wingi wa seva si kinga: Jinsi majina ya tovuti yanavyolindwa yasipotee

JIONI ya Oktoba 4, 2021, mamilioni ya watu kote duniani walijikuta hawawezi kufungua Facebook, Instagram wala WhatsApp. Nchini Kenya ulikuwa mwendo wa saa kumi na mbili na dakika arobaini, wakati ambapo wengi hutoka kazini na simu huwa mikononi.

Huduma hizo zilizimika kwa takriban saa sita. Tarakilishi zilizohifadhi picha na ujumbe wa watu hazikuharibika, wala hakuna mdukuzi aliyezivamia. Kilichotoweka ni njia ya kuzifikia. Simu ziliuliza mahali ilipo facebook.com, na hapakuwa na wa kujibu.

Mfumo unaojibu swali kama hilo huitwa mfumo wa majina ya vikoa, ambao wataalamu huufupisha kwa herufi DNS. Mtumiaji wa kawaida haujui mfumo huu, kwani siku unapofanya kazi sawasawa hauonekani. Hutambulika siku ya msiba tu.

Uimara wake umejengwa juu ya kanuni moja: kazi ya kutunza na kutoa majina igawanywe miongoni mwa seva nyingi. Hata hivyo, historia ya zaidi ya miaka 40 inaonyesha kwamba wingi peke yake si kinga. Seva kumi zinazoweza kuangushwa na sababu moja hazina tofauti kubwa na seva moja.

Somo hili si la makampuni makubwa ya ng'ambo pekee. Linamhusu kila mwenye shule, hospitali, chama cha ushirika au duka linalotegemea tovuti na baruapepe.

Daftari moja lililozidiwa

Tarakilishi huwasiliana kwa nambari. Kila iliyounganishwa na intaneti hupewa anwani ya tarakimu, na ni anwani hiyo inayotumiwa kupeleka na kupokea data. Binadamu naye hukumbuka majina kuliko tarakimu. Kwa hivyo ni lazima pawe na mahali ambapo jina hubadilishwa kuwa nambari.

Hapo mwanzo mahali hapo palikuwa faili moja. Mtandao wa ARPANET wa Marekani, ambao ndio ulioizaa intaneti, ulikuwa na tarakilishi chache, na majina yake yote yaliandikwa katika faili iliyoitwa HOSTS.TXT. Faili hiyo ilitunzwa na kituo cha taasisi ya utafiti ya SRI, jimboni California, kilichoongozwa na Bi Elizabeth Feinler.

Aliyetaka kuunganisha tarakilishi mpya alikiarifu kituo hicho. Wahudumu waliliandika jina lake, kisha wengine wote mtandaoni wakainakili faili upya.

Utaratibu huo ulifaa kijiji, bali haukufaa mji. Kila tarakilishi iliyoongezwa ilirefusha faili, na papo hapo ikaongeza idadi ya wanaokuja kuinakili. Kabla ya nakala kufika kila mahali, ya asili ilikuwa imekwisha kubadilika.

Mwaka wa 1983, Paul Mockapetris, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Southern California aliyefanya kazi na Jon Postel, alichapisha mpango wa kuliacha daftari hilo. Majina yangepangwa mfano wa mti, na kila tawi lingekuwa na mtunzaji wake. Hakuna mtu mmoja wala tarakilishi moja ambayo ingehitaji kujua majina yote ya dunia.

Swali linavyosafiri

Ili kuelewa ugawaji huo, mtu na achukue mfano wa tovuti ya Kenya yenye jina linaloishia kwa co.ke. Jina hilo, kwa macho ya mfumo, husomwa kutoka kulia kwenda kushoto.

Mtumiaji anapoliandika, simu au tarakilishi yake hulipeleka swali kwa seva ya kampuni inayomuuzia huduma ya intaneti. Seva hii ni mfano wa tarishi: kazi yake ni kuzunguka na kuuliza kwa niaba ya wateja.

Tarishi huanza na seva za mzizi. Hizi hazijui anwani ya tovuti inayotafutwa. Zinajua tu ni nani anayetunza majina yote yanayoishia kwa ke, nazo humwelekeza huko.

Majina hayo husimamiwa na shirika la KENIC, lililoundwa mwaka wa 2002. Seva zinazotunza majina ya Kenya humwambia tarishi ni seva zipi zilizokabidhiwa jina analolitafuta. Hatimaye tarishi huziendea seva hizo za mwenyewe, na ndizo zinazompa nambari anayoihitaji.

Safari yote hiyo humalizika mara nyingi kabla ya mtu kupepesa jicho. Siri ya kasi hiyo ni akiba. Tarishi akishapata jibu hulihifadhi, na anayeuliza jina lilo hilo baadaye hujibiwa papo hapo.

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba hii imewekewa siku ya kuoza. Mwenye jina ndiye anayeamua jibu lake lihifadhiwe kwa muda gani, iwe ni dakika tano au siku nzima. Muda ukipita, tarishi hulitupa jibu na kwenda kuuliza tena.

Hapa ndipo hatari ilipo. Akiba humsitiri mwenye jina kwa muda mfupi iwapo seva zake zimezimika, lakini ikiisha, pazia huanguka. Tovuti inaweza kuwa hai na baruapepe ikawa tayari kupokelewa, lakini kwa wanaotafuta ni kana kwamba vimekufa.

Nahodha mmoja, wasaidizi wengi

Kwa sababu hiyo, kanuni za mfumo zinataka kila eneo la majina liwe na angalau seva mbili. Seva ya kwanza huwa ya msingi. Humo ndimo mabadiliko huandikwa. Nyingine huwa za pili, na kazi yake ni kunakili yaliyomo katika ile ya msingi na kuyatoa kwa wanaouliza.

Msemo kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama unaueleza vyema mpango huu. Kuandika ni kwa mmoja. Kujibu ni kwa wote. Anayeuliza hatofautishi seva ya msingi na ya pili, kwani majibu yao yana uzito sawa.

Nakala hulinganishwa kwa nambari ya toleo. Kila mara msimamizi anapobadilisha jambo, hupaswa kuipandisha nambari hiyo. Seva za pili huikagua kila baada ya muda, au hupewa taarifa na seva ya msingi kwamba kuna jipya. Zikiona nambari imepanda, hunakili. Zikiona ni ile ile, huamini hakuna lililobadilika.

Wasimamizi wengi huandika nambari hiyo kwa kufuata tarehe, yaani mwaka, mwezi, siku na tarakimu mbili za mwisho za kuhesabu mabadiliko ya siku hiyo. Anayesahau kuipandisha huzusha tatizo lenye kuchanganya: baadhi ya wateja hupelekwa kwenye anwani mpya na wengine hupelekwa kwenye ile ya zamani, kutegemea seva iliyowajibu.

Kuna muda mwingine uliowekwa kwa ajili ya dharura. Seva ya msingi ikizimika kabisa, seva za pili huendelea kujibu kwa nakala zilizo nazo hadi muda wa ukomo utimie. Waraka wa kiufundi wa RFC 1912, uliotolewa mwaka wa 1996, ulipendekeza muda huo uwe kati ya majuma mawili na manne. Msimamizi aliyeweka siku moja amejinyima nafasi ya kutengeneza kilichoharibika.

Seva nne, mlango mmoja

Januari 2001, dunia ilipewa mfano ambao wahandisi hawajausahau. Kampuni ya Microsoft ilikuwa na seva nne za majina. Kwa idadi, ilikuwa imepita kiwango kilichohitajika mara mbili. Lakini zote nne zilikuwa katika sehemu moja ya mtandao.

Jioni ya Januari 23, fundi mmoja alibadilisha mpangilio wa ruta zilizokuwa mbele ya seva hizo. Alikosea. Seva zote nne zilikuwa nzima, lakini hakuna swali lililoweza kuzifikia. Kwa takriban siku nzima, watu wengi hawakuweza kufungua tovuti za Microsoft, MSN, Hotmail na Expedia. Mabadiliko yalipoondolewa, huduma zilirejea. Baadaye kampuni hiyo iliongeza seva za majina nje ya mtandao wake.

Onyo lilikuwa limekwisha kutolewa. Waraka wa RFC 2182 wa Julai 1997 ulieleza kwamba seva za pili zinapaswa kutawanywa kijiografia na pia kimtandao. Kuziweka katika chumba kimoja, au kuzitegemeza kwa umeme mmoja na njia moja ya mawasiliano, ni kujidanganya. Waraka huo ulipendekeza seva tatu kwa mashirika mengi, na angalau moja iwe mbali kabisa na wenzake.

Waraka huo ulikumbusha jambo jingine: seva mbili zinaweza kuwa katika miji tofauti lakini bado zikategemea waya mmoja wa mawasiliano. Umbali wa kilomita si hoja iwapo njia ni moja.

Mzizi wenye matawi mengi

Wasimamizi wa seva za mzizi walijifunza somo hilo kwa kushambuliwa. Mzizi una majina ya seva 13, kuanzia herufi A hadi M, zinazoendeshwa na mashirika 12. Idadi hiyo ilitokana na ukomo wa ukubwa wa ujumbe katika kanuni za awali: majina na anwani za seva 13 ndizo zilizotosha katika jibu moja.

Mapema miaka ya 2000, kumi kati ya hizo zilikuwa Marekani. Zilizosalia zilikuwa London, Stockholm na Tokyo. Hakukuwa na yoyote barani Afrika.

Oktoba 21, 2002, wavamizi wasiojulikana walizirushia seva zote 13 mafuriko ya data kwa muda wa karibu saa moja. Baadhi zilizidiwa na nyingine zikastahimili. Watumiaji wengi hawakuhisi lolote, kwa sababu akiba za matarishi ziliendelea kutoa majibu. Hata hivyo, wasimamizi walielewa kwamba shambulio la siku kadhaa lingekuwa na matokeo mengine.

Jawabu likawa kuweka nakala nyingi za seva moja mahali pengi, zote zikitumia anwani ile ile. Njia za mtandao zenyewe humpeleka muulizaji kwa nakala iliyo karibu naye. Nakala moja ikizimika au kuzidiwa, tangazo la njia yake huondolewa na wanaouliza hupelekwa kwa nyingine bila kujua.

Manufaa yake yalidhihirika Februari 6, 2007 mzizi uliposhambuliwa tena. Seva mbili pekee ndizo zilizoathirika kwa kiasi cha kuonekana, za herufi G na L. Zote mbili hazikuwa zimeanza kutumia mpango huo wa nakala.

Leo, nyuma ya majina yale yale 13 kuna nakala zaidi ya 1,500 katika mabara yote yenye wakazi. Nairobi ni miongoni mwa miji iliyo nazo. Mwaka wa 2022, shirika la ICANN lilitangaza kwamba Kenya ingewekewa kundi la seva zake za mzizi, la kwanza la aina yake barani Afrika.

Faida kwa Mkenya ni ya moja kwa moja. Kabla ya waya za baharini za Seacom na TEAMS kuanza kutumika mwaka wa 2009, mawasiliano ya Kenya na nchi za ng'ambo yalitegemea setilaiti zilizo umbali wa kilomita 36,000 hivi angani. Swali lililotumwa Ulaya lilichukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi. Seva iliyo nchini, inayofikiwa kupitia kituo cha KIXP kinachounganisha kampuni za intaneti za humu, hupunguza muda huo kuwa sehemu ndogo sana ya sekunde.

Tena inaendelea kujibu hata bahari inapogeuka. Mei 12, 2024, waya za EASSy na Seacom zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikawa ya kusuasua katika mataifa kadhaa ya Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo. Katika hali kama hiyo, kampuni ya Nairobi ambayo seva zake zote za majina ziko ng'ambo inaweza kukosa kufikiwa hata na mteja aliye mtaa wa pili. Vilevile, aliyeziweka zote nchini anaweza kupotea machoni mwa wateja wa nje.

Kutegemea mlinzi mmoja

Makampuni mengi huepuka mzigo huu kwa kumkabidhi mtoa huduma mkubwa mwenye seva kila pembe ya dunia. Hilo ni jambo la busara, lakini lina kasoro yake.

Oktoba 21, 2016, miaka 14 kamili tangu lile shambulio la kwanza la mzizi, kampuni ya Marekani iitwayo Dyn ilivamiwa na jeshi la vifaa vilivyoambukizwa programu haribifu ya Mirai. Vingi vilikuwa kamera za ulinzi na ruta za nyumbani ambazo wenyewe hawakubadilisha nywila za kiwandani.

Dyn ilikuwa na seva katika nchi nyingi. Hata hivyo, kwa saa kadhaa, Twitter, Netflix, Spotify na Reddit hazikufunguka kwa watumiaji wengi. Zilikuwa zimetawanya seva zao, lakini uangalizi wote ulikuwa mikononi mwa kampuni moja. Baada ya siku hiyo, baadhi ya makampuni yaliongeza mtoa huduma wa pili.

Kosa linaponakiliwa

Kuna aina moja ya msiba ambayo kutawanya seva hakuizuii, bali huieneza. Oktoba 12, 2009, majina yote yanayoishia kwa se, ya nchi ya Uswidi, yaliacha kufanya kazi. Yalikuwa takriban 900,000.

Chanzo kilikuwa nukta. Katika faili za mfumo huu, jina kamili humalizika kwa nukta. Isipokuwepo, mfumo huongeza kikoa mwishoni mwa jina. Programu ya kuandaa faili ya Uswidi ilikuwa imekosewa, ikaiacha nukta hiyo. Seva za pili zilifanya kazi yake kwa uaminifu mkubwa: zilinakili kosa na kulitangaza.

Faili ilirekebishwa kwa muda wa kama saa moja, lakini majibu mabaya yalikuwa tayari yamehifadhiwa katika akiba za matarishi, na ilibidi yasubiriwe yaishe.

Kisa cha Facebook kilikuwa na chembe ya ndugu wa kosa hilo. Wakati wa kazi ya ukarabati, amri moja ilikata mawasiliano kati ya vituo vikuu vya data vya kampuni hiyo duniani. Seva zake za majina, zilizotawanywa sehemu nyingi, zilikuwa zimepangwa zijiondoe zenyewe mtandaoni zikishindwa kuwasiliana na vituo hivyo. Kanuni hiyo ilikusudiwa kuiondoa seva moja mbovu. Siku hiyo kila seva ilijiona kuwa ndiyo mbovu, na zote zikajiondoa.

Maswali ya kuuliza

Mwenye tovuti hahitaji kuwa mhandisi ili kujikinga. Anachohitaji ni kumwuliza maswali machache anayemtunzia jina lake, na kutoridhika na jibu la kwamba seva ni nyingi.

La kwanza, je, seva hizo ziko katika majengo na mitandao tofauti? Mara nyingi anayeuza huduma ya tovuti humpa mteja majina mawili ya seva, na yote mawili yakawa ya mashine moja. Hapo sharti la seva mbili limetimizwa kwa karatasi tu.

La pili, je, kila seva iliyosajiliwa kwa KENIC au kwa msajili mwingine ingali inajibu? Kampuni huhama, mashine huzeeka, na majina ya seva zilizokufa hubaki katika sajili kwa miaka. Anayeuliza hugonga mlango usio na mtu, na huduma huchelewa bila sababu kujulikana.

La tatu, je, kuna seva angalau moja nchini na nyingine nje? La nne, je, nambari ya toleo ni ile ile katika seva zote? Kuilinganisha huchukua dakika chache, na ndiyo njia nyepesi ya kugundua seva iliyoacha kunakili.

La tano, nalo ndilo linalosahaulika zaidi: ni nani anayekagua mabadiliko kabla hayajaandikwa katika seva ya msingi, na nakala ya jana iko wapi? Uswidi na Facebook hazikukosa seva. Zilikosa kizuizi cha kuzuia kosa moja lisiwe la wote.

Ni maswali ya kuulizwa mapema, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Tena gharama ya kuziba ufa huu si kubwa: mashirika mawili yanayoaminiana yanaweza kutunziana nakala za majina, kila moja ikiwa seva ya pili ya mwenzake, na mtindo huo umekuwepo tangu siku za mwanzo za intaneti.